Aliyeongoza msimu wa kawaida hakutawazwa: je, mfumo wa Countdown katika mbio za drag ni wa haki?

Mwana-Kamalondo (Lubumbashi)

Habari za jioni, ndugu zangu. Hapa Kamalondo tuko kikundi kidogo ambacho kwa misimu kadhaa sasa kinafuatilia kwa intaneti mbio za drag za Marekani, zile zinazosimamiwa na chama cha NHRA, ambamo magari mawili hujipanga sambamba kwenye njia iliyonyooka, taa ikawaka, na kabla hujavuta pumzi ya pili mmoja amekwisha kushinda na mwingine anafungasha vyombo vyake. Hatuna mwalimu wa jambo hili. Tunajifunza kwa kutazama, na umeme unapokatika katikati ya mashindano, tunajifunza kesho yake kwa kusoma matokeo.

Jambo lililotugawa ni Countdown, yaani utaratibu wa kupanga upya pointi za madereva wa juu kabla ya mashindano ya mwisho ya msimu. Katika msimu wa 2025, katika Top Fuel, daraja la dragsta zinazochoma nitromethani, Tony Stewart, yule bingwa mara tatu wa mbio za magari za NASCAR ambaye mwaka 2024 alichukua usukani wa dragsta ya mkewe, Leah Pruett, alimaliza msimu wa kawaida akiwa wa kwanza kwa pointi. Hata hivyo, aliyetawazwa bingwa mwezi wa Novemba ni Doug Kalitta. Na kama hilo halikutosha kutuchanganya, mashindano ya mwisho kule Pomona, California, yalifutwa kwa sababu ya mvua, kwa hiyo taji lilitolewa bila mtoano wa mwisho kukimbiwa.

Mmoja wetu, mshabiki mkubwa wa TP Mazembe, anasema hakuna cha kushangaza hapo, kwa kuwa hata Linafoot, ligi yetu ya mpira, siku hizi huchezwa kwa makundi kwanza, kisha play-off, na hakuna anayelia. Mwingine anasema kumnyang'anya mtu pointi alizozitolea jasho tangu mwezi wa Machi ni dhuluma, hata kama dhuluma hiyo imeandikwa katika kanuni. Naomba wenye ujuzi watueleze kwanza pointi hizi zinahesabiwaje, kisha watoe maoni yao kama mfumo huu unampata kweli aliye bora.

Mama Hesabu (Kampemba)

Ndugu Mwana-Kamalondo, nashukuru kwa swali, kwa sababu hata nyumbani kwangu limezua mabishano. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Mume wangu ndiye aliyeniingiza katika mbio hizi. Yeye anapenda ngurumo, mimi napenda jedwali.

Msimu una mashindano 20 hivi, na siku hizi huanzia Gainesville, Florida, mwezi wa Machi, ukaishia Pomona mwezi wa Novemba. Ijumaa na Jumamosi ni siku za mchujo, ambapo kila gari hukimbia kutafuta muda mzuri, na magari 16 yenye muda bora huingia katika mtoano wa Jumapili. Wa kwanza hupangiwa wa 16, wa nane hupangiwa wa tisa, na hivyo hivyo, hadi abaki mmoja baada ya raundi nne. Kila raundi unayoshinda inakupa pointi 20, ukiacha pointi chache za mchujo. Ina maana kwamba mshindi wa shindano zima anamzidi aliyetolewa katika raundi ya kwanza kwa pointi 80 za mtoano, na mtu anayefanya vizuri wiki baada ya wiki anaweza kufika mwisho wa Agosti akiwa mbele ya wenzake kwa mamia ya pointi.

Hapo ndipo Countdown inapoingia. Baada ya US Nationals ya Indianapolis, ambayo hukimbiwa mwishoni mwa juma lenye sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, madereva kumi wa juu wa kila daraja hupangwa upya. Wa kwanza anaandikiwa pointi 2100, wa pili 2080, wa tatu 2070, na kuanzia hapo kila nafasi inashuka kwa pointi kumi hadi wa kumi mwenye 2000. Yanabaki mashindano sita: Reading, Charlotte, St. Louis, Ennis karibu na Dallas, Las Vegas na Pomona.

Sasa chukua kalamu. Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ni pointi 20, yaani raundi moja tu. Tofauti kati ya wa kwanza na wa kumi ni pointi 100, yaani raundi tano. Tuseme kiongozi ametolewa mapema Reading kwa sababu tairi zimeteleza, na wa kumi akashinda shindano lile: wanatoka pale wakiwa wametengana kwa pointi 20 hivi. Kazi ya miezi sita imebadilishwa kuwa akiba ya raundi moja au mbili. Tena Pomona hutoa pointi mara moja na nusu, sawa na US Nationals, kwa hiyo hata aliyeachwa nyuma anaingia katika shindano la mwisho akiwa bado na matumaini. Ndiyo maana mvua ya mwaka 2025 iliuma: jedwali lilibaki karibu kama lilivyokuwa baada ya Las Vegas, na waliokuwa wakitegemea pointi zile nono hawakupata nafasi ya kuziwania.

Kuhusu Linafoot, sikubaliani na mwenzenu. Katika play-off ya mpira, timu zilizoshindwa kufuzu hukaa nyumbani. Katika Countdown, madereva walio nje ya kumi bora wanaendelea kukimbia katika mashindano yaleyale, katika mtoano uleule, na wanaweza kumtoa kiongozi ingawa wao wenyewe hawana taji la kuwania. Dereva anayewania ubingwa anaweza kupoteza msimu wake mbele ya mtu ambaye hana la kupoteza. Mimi hilo silioni kuwa baya, maana mbio ni mbio, lakini play-off haipaswi kutumiwa kama kinga ya hoja.

Na tusidhani kwamba mfumo wa zamani haukuwa na machozi. Mwaka 2006, msimu wa mwisho kabla ya Countdown, Doug Kalitta huyuhuyu alikuwa akielekea kwenye ubingwa. Tony Schumacher, ambaye wakati fulani katikati ya msimu alikuwa nyuma kwa zaidi ya pointi 300, alifika fainali ya Pomona akihitaji mambo mawili kwa wakati mmoja: ashinde fainali ile, na avunje rekodi ya taifa ya muda, kwa kuwa siku zile rekodi ilikuwa na zawadi ya pointi 20. Kalitta alikuwa amekwisha kutolewa, amebaki kutazama. Schumacher alikimbia robo maili kwa sekunde 4.428, akamshinda Melanie Troxel, akapata rekodi, na akachukua ubingwa kwa tofauti ya pointi 14. Bila zile 20 za rekodi, taji lingekuwa la Kalitta. Kwa hiyo anayesema kwamba Countdown ndiyo iliyoleta ubingwa wa kushtukiza aisome kwanza fainali hiyo.

Fundi wa Katuba

Mama Hesabu ametufungua macho kwa upande wa karatasi, na ninampa heshima yake. Mimi nina garaji, na ninataka kuongeza jambo ambalo halionekani kwenye jedwali, nalo ni joto la lami.

Gari la Top Fuel halina gia za kubadilisha. Lina injini ya silinda nane yenye ujazo wa lita 8.2 hivi, inayosukumiwa hewa kwa nguvu na supachaja, na inayochoma mchanganyiko wa nitromethani asilimia 90 na methanoli. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa, lakini nitromethani, kwa kuwa imebeba oksijeni ndani yake, inatosheka na kilo 1.7 tu. Kwa sababu hiyo injini inaweza kumiminiwa mafuta mengi mno kwa kila mzunguko, na nguvu yake inakadiriwa kufika nguvu za farasi 11,000. Kuanzia kuchoma tairi hadi mstari wa mwisho, gari moja humaliza zaidi ya lita 50 za mafuta hayo, kwa safari ambayo huku kwetu mtu angeitembea kwa miguu akienda kununua muda wa maongezi.

Nguvu hiyo yote inapita kwenye klachi yenye sahani kadhaa, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Klachi haikamati yote kwa mara moja. Imepangiwa muda, inaachiliwa kidogo kidogo huku sahani zikisuguana na kuwaka moto, ili tairi mbili za nyuma zipokee nguvu kwa kiasi ambacho lami inaweza kukibeba. Ukiiachilia mapema mno, tairi zinapoteza mshiko, moshi unatanda, na mbio zimekwisha. Ukichelewa, unamwachia jirani. Dereva hana nafasi ya kurekebisha lolote katikati. Kiongozi wa mafundi ndiye aliyekwisha kuamua, akiangalia kipimo cha joto la lami dakika chache kabla ya kuanza.

Sasa fikiria kalenda. Mwezi wa Julai lami inachemka, gundi ya njia inalainika, na fundi mwenye busara anapunguza nguvu ili gari lifike tu. Kuanzia Septemba hewa inapoa na kuwa nzito, lami inashika, na anayeweza kumwaga nguvu zote ndiye anayepeta. Muda bora katika historia ya Top Fuel kwa futi 1,000, umbali unaokimbiwa siku hizi badala ya robo maili, ambao ni sekunde 3.623, Brittany Force aliuweka Reading, mwezi wa Septemba 2019, katika hali ya namna hiyo. Anayefanya kazi ya injini hapa Lubumbashi anaelewa bila kuelezwa: injini inayoamka asubuhi ya baridi ya Juni haipumui sawa na ile inayosukumwa mchana wa Oktoba kabla mvua hazijaanza.

Hoja yangu ni kwamba msimu wa kawaida unapima ufundi wa aina mbili, wa kujizuia na wa kuthubutu, lakini kura nzito inapigwa katika miezi inayopenda wanaothubutu. Timu iliyokuwa bora kwa lami ya moto inafutiwa karibu kila kitu. Hata mtihani mkubwa kuliko yote umeondoka: njia ya Bandimere, karibu na Denver, iliyokuwa kwenye mwinuko wa mita 1,770 hivi, ilifungwa baada ya msimu wa 2023. Pale hewa ilikuwa nyepesi kuliko hata hii yetu ya mita 1,200 na kitu. Magari ya Pro Stock, ambayo hayana supachaja, yalikosa pumzi waziwazi, na mafundi wa Top Fuel walilazimika kuizungusha supachaja kwa kasi zaidi ili kufidia. Nilipenda kutazama Bandimere kuliko Pomona, kwa sababu pale pesa nyingi hazikutosha kama kichwa hakifanyi kazi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama Countdown inampata aliye bora, nitakujibu kwamba inampata aliye bora wa vuli.

Mzaliwa wa Ruashi (sasa Indiana)

Yaya Fundi, nakusalimu kutoka mbali. Maelezo yako kuhusu klachi ni sahihi kabisa, lakini hitimisho lako limepita njia ya mkato. Ennis, Texas, mwezi wa Oktoba si mahali pa kuvaa koti. Mara nyingi joto linakuwa lile lile ulilolisema la Julai. Njia ya Las Vegas iko kwenye mwinuko wa mita 600 na kitu, na hewa yake ni kavu. Charlotte, mwezi wa Septemba, unyevunyevu unaweza kukulowesha shati ukiwa umesimama tu. Mashindano sita ya mwisho si mtihani wa aina moja.

Mimi ninaishi si mbali na Indianapolis, na nimekwenda kutazama US Nationals. Naomba niwaeleze kilichopo, kwa sababu simu haiwezi kukionyesha. Katika mbio hizi, tiketi ya kawaida inakuruhusu kuingia mpaka pale mafundi wanapofanyia kazi, kamba tu ndiyo inayokutenganisha nao. Gari linarudi likivutwa, na kabla halijatulia vizuri watu kama kumi wameliparamia. Mmoja anafungua vichwa vya silinda, mwingine yuko chini anatoa pistoni, wawili wamebeba klachi nzima mikononi wakiipeleka kwenye meza, ambako sahani zake zinapimwa na kusuguliwa upya moja baada ya nyingine. Oili inayomwagwa haina rangi ya oili tunayoijua. Imechanganyika na mafuta mpaka imekuwa ya kijivu. Kiongozi wa mafundi haongei. Ameshika plagi kwa vidole, anazigeuza kwenye mwanga ili aone silinda ipi iliungua vibaya. Baada ya muda usiozidi saa moja na robo, injini imekwisha kuundwa tena, na inawashwa hapo hapo mbele yenu. Hapo mnakimbia wenyewe: mvuke wa nitro unachoma macho, machozi yanatoka kwa wazee na watoto, na mngurumo hausikiki kwa masikio, unasikika kifuani.

Nayasema haya kwa sababu yanahusu swali. Kazi hiyo inafanyika baada ya kila raundi, na inagharimu fedha nyingi. Mfumo wa zamani, ambapo mtu aliweza kufunga hesabu ya ubingwa majuma kadhaa kabla ya mwisho, uliacha mashindano ya Oktoba na Novemba yakiwa baridi. NASCAR walikuwa wamekwisha kuanzisha utaratibu wao wa mchujo wa mwisho wa msimu mwaka 2004, na NHRA wakafuata mwaka 2007. Wadhamini wanataka watu watazame hadi siku ya mwisho, na bila wadhamini hakuna plagi za kugeuza kwenye mwanga.

Mama Hesabu ametukumbusha machozi ya Kalitta ya 2006. Ngoja nimalizie hadithi yake. Doug alianza kuendesha Top Fuel mwaka 1998, katika timu ya mjomba wake Connie, familia ileile yenye ndege za mizigo. Mwaka 2008 Scott, mtoto wa Connie, alifariki katika ajali kule Englishtown, New Jersey, na ajali hiyo ndiyo iliyosababisha magari ya nitro yapunguziwe umbali kutoka robo maili, yaani mita 402, hadi futi 1,000, yaani mita 305. Doug aliendelea, mwaka baada ya mwaka, bila taji. Kisha ikaja Pomona ya 2023. Fainali ya shindano la mwisho ilimkutanisha na Leah Pruett, na mshindi wa mbio zile ndiye angekuwa bingwa wa msimu. Mbio moja, sekunde zisizofika nne. Kalitta akashinda. Mfumo ambao ndugu Fundi anaulaumu ndio uliompa yule mzee siku ile, na sidhani kama kuna shabiki aliyeiona kama dhuluma.

Mwana-Kamalondo (Lubumbashi)

Nawashukuru sana nyote watatu. Kikundi chetu kimesoma kwa sauti, na yule wa Mazembe amekaa kimya kwa mara ya kwanza wiki hii.

Kuna jambo dogo lililobaki, ambalo pia linagusa suala la haki. Tumeona mara kadhaa dereva ambaye saa imemwandikia muda mbaya zaidi anapewa ushindi, na mwenye muda mzuri anatolewa. Je, hilo nalo ni sehemu ya mfumo, au waandaaji wana namna yao?

Mama Hesabu (Kampemba)

Hakuna namna hapo, ndugu yangu, ni hesabu ya kujumlisha. Saa ya kila gari haianzi taa inapowaka. Inaanza gari linapoondoka mstarini. Muda ambao dereva amechelewa kuondoka baada ya taa unaandikwa peke yake. Katika madaraja ya kulipwa, taa tatu za njano zinawaka pamoja, na baada ya sekunde 0.400 inafuata ya kijani. Ukiondoka kabla ya wakati, unawashiwa nyekundu na umeshindwa.

Tuseme wa kushoto amechelewa kwa sekunde 0.050 na amekimbia kwa 3.720. Jumla yake ni 3.770. Wa kulia ana gari bora, amekimbia kwa 3.700, lakini alisinzia mstarini kwa 0.090. Jumla yake ni 3.790. Wa kushoto ameshinda kwa sekunde 0.020, na kwa kasi ya kilomita 530 kwa saa, hiyo ni karibu mita tatu, kwa hiyo hata aliyekaa jukwaani anaiona kwa macho. Kwangu mimi huo ndio ushindi mtamu kuliko wote, kwa sababu ni wa dereva mwenyewe, si wa mfuko wa timu.

Kijana wa Golf

Shikamoo Mama Hesabu, shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa Unilu, na ninamfuatilia zaidi Antron Brown, ambaye mwaka 2012 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuchukua ubingwa wa mfululizo mkubwa wa mbio za magari Marekani, kisha akaurudia mwaka 2015, 2016 na 2024. Ule wa kwanza aliupata ndani ya Countdown kwa tofauti ya pointi saba tu dhidi ya Tony Schumacher. Schumacher alifika fainali ya Pomona, na kama angeshinda angekuwa bingwa; Brandon Bernstein akamzuia, wakati Antron amekwisha kutolewa na anatazama tu.

Ninachotaka kusema ni kwamba Countdown haiwapindui viongozi kila mara. Mwaka 2023, upande wa pikipiki, Gaige Herrera alishinda mashindano 11 katika msimu mmoja na hakuna kupangwa upya kulikomsumbua. Austin Prock naye aliongoza Funny Car, daraja jingine la magari ya nitro, mwaka 2024 na akabaki juu hadi mwisho. Aliye bora kwa umbali mkubwa anapita tu. Wanaoumia ni wale walio bora kwa kiasi kidogo, na hao hata mfumo wa zamani uliwaumiza, kama Kalitta mwaka 2006.

Mwana-Kamalondo (Lubumbashi)

Tumeamua jambo. Msimu ujao, kuanzia Gainesville, tutaandika majedwali mawili kwenye daftari moja: moja la Countdown kama linavyotangazwa, na jingine la pointi zote bila kupanga upya. Mwezi wa Novemba tutayaweka hapa hapa, watu wajionee nani angekuwa bingwa. Mama Hesabu, tukikwama tutakuomba msaada.

Mama Hesabu (Kampemba)

Karibuni, nitawasaidia. Msisahau tu kuiandika Indianapolis na Pomona kwa pointi moja na nusu, na msiache pointi za mchujo, maana tofauti za ubingwa zinaweza kuwa pointi saba au 14 kama mlivyosoma.

Fundi wa Katuba

Liandikeni, nami nitalisoma kwa furaha, lakini msilipe jedwali la pili uzito kupita kiasi. Timu iliyo na uhakika wa kuingia katika kumi bora inajua tangu mwezi wa Juni kwamba pointi zake zitapangwa upya. Kwa hiyo inatumia Julai na Agosti kujaribu: sahani mpya za klachi, vichwa vipya vya silinda, wakati mwingine mpangilio mzima wa mafuta, na inakubali kutolewa raundi ya kwanza mara moja au mbili ili ijue kitu cha kutumia Reading. Kama kusingekuwa na Countdown, timu hiyo isingethubutu kucheza na pointi hivyo, na ingekimbia majira ya joto kwa namna nyingine kabisa. Daftari lenu litaonyesha pointi zilizopatikana chini ya kanuni hizi. Zile ambazo zingepatikana chini ya kanuni nyingine haliwezi kuzionyesha.

Kuhusu Ennis na joto lake, ndugu wa Ruashi, hilo nimelikubali nusu. Niletee vipimo vya joto la lami vya mashindano yote ya msimu mmoja, tuvipange pembeni ya jedwali la hawa vijana, halafu tuendelee kubishana.